Kura ya Mgeni wa Getini

Jumatatu, 14 Julai

Ukungu siku ya tisa. Viazi vinaoza shambani, nguo hazikauki, na mimi nimepata wazo. La maana kabisa!

Jumapili tunachagua mwenyekiti wa wazee wa kanisa. Tuko wawili. Mimi, Micah Kigen, mzee wa kanisa hapa Keringet kwa miaka kumi na minne. Na Mwalimu Makhanu, mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa kucheka-cheka. Anachekea kila mtu, hata watoto. Siwezi kumwamini mtu wa namna hiyo.

Wazo lenyewe: tangu mwezi wa tano akina mama hawaji maombi ya jioni. Wako nyumbani wanatazama mchezo wa runinga unaoitwa Kiu ya Don Evaristo. Huyu Don Evaristo ni mnyonya damu. Alikufa miaka mia moja na thelathini iliyopita na bado ana nywele nzuri. Mchezo umetoka nchi za mbali, umetiwa sauti za Kiswahili, na maiti huyo anaongea Kiswahili safi kuliko mchungaji wetu. Nitaandika Ripoti ya Maovu ya Don Evaristo, niisome kanisani kabla ya kura. Waumini watatetemeka. Nitapita kama maji!

Ila ripoti inataka ushahidi, kwa hivyo itabidi nitazame. Nimemweleza mke wangu, Chepkosgei, kwamba hii ni kazi ya Mungu. Akaniambia nisogee, namzibia Kogo runinga. Kogo ni mama yangu. Jina hilo ni bibi kwa lugha yetu, na siku hizi kila mtu anamwita hivyo, hata mimi.

Jumanne, 15 Julai

Nimetazama. Daftari mapajani, mstari katikati ya ukurasa. Kushoto maovu, kulia mengineyo.

Maovu: amekunywa damu ya binti wa mwoka mikate. Mengineyo: alimwomba ruhusa kwanza. Akamwomba tena. Alipomaliza alilia, akamfunika blanketi, akamtafutia ndugu yake shule. Hmm. Upande wa kulia unajaa haraka.

Nimeandika pia kanuni zake, maana ripoti nzuri ina kanuni. Ya kwanza, nimeipigia mstari mara mbili: hawezi kuingia nyumba ya mtu mpaka mwenye nyumba amkaribishe.

Kogo haoni la kushangaza. Anasema zamani walikuwa wakimfunga fahali shingo kwa kamba, wanamdunga mshale, wanakinga damu kwenye kibuyu na kuichanganya na maziwa. Halafu kidonda kinazibwa kwa mavi ya ng'ombe na fahali anarudi malishoni. Kosa la Don Evaristo, kwa maoni yake, ni kunywa bila maziwa. Hilo sikuliandika.

Jambo dogo. Saa kumi alasiri mtu alibisha hodi getini. Mrefu, koti jeusi refu, sauti ya upole sana. Aliuliza kama anaweza kuingia. Nikajua mara moja: mpelelezi wa Makhanu! Nikamwambia nina kazi. Akashukuru. Akabaki amesimama pale. Baridi ilikuwa kali, kila nikisema neno kinywa changu kinatoa moshi. Chake hakikutoa. Mbwa wetu, Soja, ameingia chini ya stoo ya viazi na mpaka sasa hajatoka.

Jumatano, 16 Julai

Ushahidi mzito leo! Don Evaristo ameua. Ameua meya wa mji mzima, kwenye ngazi za ofisi. Nikaruka kwenye kiti. Kumbe meya ndiye aliyewafukuza wajane kwenye mashamba yao. Kogo akapiga makofi. Nikamkumbusha kwamba kuua ni kuua. Akasema hajakataa, yeye anapiga makofi tu.

Nikauliza kwa ukali wanampendea nini mnyonya damu. Chepkosgei hakugeuza hata kichwa. Akasema yule anajijua alivyo, anajionea aibu, na kabla ya kuchukua chako anakuuliza. Kisha akasema kwamba mimi niliuza ndama wake mwezi wa pili, akapata habari kwa jirani. Nikamwambia hayo si ya ripoti.

Baadaye Don Evaristo alikwenda kwenye kaburi la mke wake wa kwanza na kuweka kitambaa alichomshonea mwaka waliooana. Macho yangu yalilowa. Ni moshi wa jiko.

Maovu: matatu. Mengineyo: kumi na tisa. Ripoti haiendi vizuri.

Mgeni alikuja tena saa ile ile. Sikumkaribisha. Asubuhi nilikuwa nimetazama matope ya pale getini, nione anavaa viatu gani ili nimtambue kanisani. Nyayo zangu zipo. Za kuku zipo.

Jumapili imebaki siku nne. Lazima nibadilishe mbinu.

Alhamisi, 17 Julai

Mbinu mpya, na ni rahisi ajabu. Kama akina mama wanampenda Don Evaristo, nitakuwa Don Evaristo! Nani atampinga?

Nilivaa koti jeusi la marehemu baba, lililokuwa stoo na dawa ya kuogeshea kondoo. Sikunywa chai, ili niwe mweupe usoni. Nikaenda kituo cha maziwa cha Mama Cheruto, kiongozi wa akina mama, mwenye kura tisa mfukoni mwake. Nikasimama mlangoni kimya. Nikamtazama kwa huzuni. Kwa sauti ya chini nikaomba ruhusa ya kuingia.

Akasema niingie, naleta baridi. Nikaomba tena, kwa huzuni zaidi. Akaniwekea mkono kwenye paji la uso na kuwaambia wengine ni taifodi, ameiona kwa shemeji yake, inaanza hivyo hivyo. Nikajaribu kueleza. Wakasema naweweseka. Wasike, dereva wa pikapu ya maziwa, alinibeba mpaka nyumbani katikati ya makopo, nimefunikwa gunia.

Nilipofika nikafungua simu. Makhanu ameandika kwenye kundi la kanisa: kwa nini maombi yasianze saa kumi na moja, kila mtu afike nyumbani kwa mchezo wake? Watu thelathini wamejibu Amina. Mama Cheruto ameweka picha ya watu wanaocheza. Hila! Kusogeza saa tu! Mimi ningeweza kuwaza jambo la kijinga kama hilo ningetaka.

Nimejaa uchungu. Miaka kumi na minne nimefungua kanisa, nimefagia, nimesoma matangazo. Hakuna aliyeniwekea picha ya watu wanaocheza.

Mgeni alikuwa getini niliposhushwa. Alinitazama nikipita na gunia langu. Hakucheka. Ndiye mtu pekee leo ambaye hakucheka.

Ijumaa, 18 Julai

Kondoo mmoja amelala chini, hasimami. Shingoni ana matundu mawili madogo, safi. Kwenye majani hakuna tone la damu. Nikasema ni mbwa wa Makhanu, na nitalipeleka jambo hilo kwa wazee.

Kogo akapiga magoti kwenye umande, akapitisha kidole pale shingoni taratibu. Akasema mshale hutoboa tundu moja. Na mtu anayetaka mnyama wake aishi huziba kidonda. Huyu hakuziba. Sijawahi kumwona Kogo akiogopa. Alimpiga risasi chui mwaka wa njaa akarudi kupika. Leo aliniomba nimshike mkono mpaka jikoni.

Saa kumi, mgeni. Tumeongea. Kumbe si mpelelezi! Anakaa juu kule, kwenye nyumba ya yule mzungu wa zamani, ile isiyo na paa. Nikasema lazima kuna baridi. Akasema hakumbuki. Alimtaja babu yangu kwa jina lake la nyumbani. Akasema ua huu wa miiba ya kayaba ulipopandwa yeye alikuwepo, alisimama hapa hapa, na babu pia hakumkaribisha. Ua huo una umri mkubwa kuliko Kogo. Mtu ametunzika!

Halafu akasema maneno yaliyonigusa. Amesikia hakuna mtu anayelifahamu kanisa letu kama mimi. Angependa kujiunga. Angependa kunipigia kura. Ila mambo ya maana hayazungumzwi getini, sivyo?

Nikafungua kinywa. Ni adabu tu, hakuna nyumba Keringet inayomwacha mtu nje mara ya nne. Neno lilikuwa limefika kwenye meno Kogo alipotoka na fimbo yake akapiga geti mpaka mabati yakalia. Akanivuta ndani kwa koti. Nikamwuliza, si ni wewe uliyekuwa ukimpigia Don Evaristo makofi?

Akaniambia: “Micah, yule wa TV kuna mtu ameketi mahali akamwandikia alie. Huyu wa getini, nani amemwandikia?”

Nimelitafuta jibu jioni nzima. Kisha nikakumbuka kwamba Kogo hajui siasa.

Jumamosi, 19 Julai

Nimepiga hesabu ya kura kwa vidole mara sita. Ishirini na moja, au ishirini na mbili kama mgeni atakuja. Nimemwandika kwenye rejista. Jina sikumwuliza, kwa hivyo nimeandika: Mgeni wa Getini.

Nimemwelekeza kanisa lilipo. Akasema anapajua tangu kabla halijajengwa.

Kondoo amekufa. Kogo amewasha moto kwa Ripoti ya Maovu. Nimeokoa ukurasa mmoja tu, ule wa kanuni.

Jumapili, 20 Julai

Sare! Ishirini na moja kwa ishirini na moja! Mchungaji amesema tutarudia Jumapili ijayo. Makhanu alikuja kunishika mkono akicheka. Chepkosgei anasema alinipa kura yake. Kogo alisema wazi mbele ya watu kwamba yake alimpa Makhanu, kwa sababu Makhanu akimwuliza hali yake anangoja jibu. Mama yangu mzazi!

Mgeni je? Nilimwona kupitia dirisha. Alisimama nje ya mlango wa kanisa, kwenye ukungu, tangu wimbo wa kwanza mpaka baraka. Watu walimpita wakivuta mashuka yao kama waliohisi upepo. Nikamwuliza baadaye kwa nini hakuingia. Akasema kwa masikitiko kwamba hakuna aliyemkaribisha.

Hii ndiyo shida ya kanisa letu! Ukarimu umekufa! Nitaliweka kwenye ajenda yangu, nambari moja.

Kura moja tu. Nimekosa kiti kwa kura moja, na kura hiyo ilikuwa imesimama mlangoni.

Jumatatu, 21 Julai

Chepkosgei amegundua. Asubuhi alinisikia nikijizoeza neno lenyewe, karibu, mbele ya kioo. Hakupiga kelele. Alifunga nguo, akafunga runinga kwenye blanketi, akamsimamisha Wasike barabarani. Anakwenda na Kogo kwa dada yake Longonot, kuna jua. Kabla hajapanda aliniuliza mara moja tu kama ninakuja nao. Aliuliza kwa upole, kwa kweli nilitaka kwenda. Lakini mtu atafanyaje kampeni akiwa Longonot? Kogo alinishika kichwa kwa mikono yake miwili kama alivyokuwa akifanya nikiwa mdogo, akanibariki, na hakuniangalia tena. Soja alitoka chini ya stoo, akaruka kwenye pikapu bila kuitwa.

Nyumba imekuwa kubwa sana. Niliketi, nikausoma ule ukurasa wa kanuni. Kanuni ya kwanza, nimeipigia mstari mara mbili. Nikafikiri kwa makini, kama mwenyekiti. Mchezo ule ni wa nchi za mbali. Hapa ni Keringet. Na hata kama ingekuwa kweli, Don Evaristo mwenyewe ana mengineyo kumi na tisa!

Saa kumi, hodi. Nikamwambia mgeni nataka kura yake. Akasema ninayo. Halafu, kwa aibu kidogo, akasema hayuko peke yake kule juu. Kuna jamaa zake kumi na mmoja. Wote wamesimama nje ya milango ya watu miaka mingi, wote wangependa kujiunga na kanisa. Wanangoja tu mtu mmoja mwenye utu.

Kumi na mbili! Makhanu ameisha!

Nilifungua geti lote. Nikasema kwa sauti, mpaka bondeni kukasikika: karibuni, karibuni nyote, jisikieni nyumbani. Walitoka kwenye ukungu mmoja mmoja, wakapangusa miguu mlangoni. Na Jumapili nitawaingiza kanisani mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, nikiwashika mkono.

Naandika haya wakiwa wameketi hapa sebuleni. Chai nimemimina vikombe kumi na viwili. Hakuna aliyegusa, na imepoa upesi, imefanya utando. Hawaongei. Wananitazama mimi tu. Sijawahi kusikilizwa hivi maishani mwangu.

Nimejikata kidole sasa hivi nikikata mkate. Kidogo tu. Wote kumi na wawili wamesimama kwa pamoja.

Heshima iliyoje! Tangu nimfahamu Makhanu, hakuna chumba kizima kilichowahi kusimama kwa ajili yake.