Konstebo Anayeona

Afande Mkuu wa Kituo,

Kwa heshima na taadhima, mimi sajenti wako wa kaunta, kwa niaba ya zamu nzima ya mchana, nakuletea malalamiko juu ya konstebo mpya uliyetupangia. Ana ugonjwa, Afande. Anaona.

1. Alipofika tulimpokea kama ndugu wa tumbo moja. Tukamfundisha desturi yetu: kabla hatujahojiwa, tunakutana jikoni, tunakunywa chai na kukubaliana tumeona nini. Chai alikunywa, tena vikombe viwili, kisha akasema yeye hayumo.

2. Yule fundi baiskeli alipotoka mahabusu meno yake ya mbele yakiwa mfukoni, sote tulikubaliana kwamba aliteleza bafuni. Ni kweli kituo hakina bafu. Lakini huo ni upungufu wa majengo, si wa maadili, na waashi walikwishakuja kupima pa kulijenga. Wakaguzi walipokuja, konstebo akamwaga mtama kwenye kuku wengi. Alisema ni rungu, akataja na la nani. Sasa koplo wetu, baba wa watoto wanne, anaweza kufukuzwa kazi kwa sababu tu ya jambo alilolifanya.

3. Nidhamu imekwisha. Jana mahabusu aliomba maji, akapewa! Raia nao wamepata habari, wanakuja kushtaki bila woga, foleni imefika barabarani. Tukiendelea hivi tutajikuta tunafanya kazi.

4. Umoja ni nguvu. Naomba basi apelekwe kupimwa macho, na akikutwa hana kasoro yoyote, atibiwe haraka.

Msalimie mama watoto, na umsalimie msaidizi wako, ambaye siku ile ya fundi baiskeli naye hakuwepo, ingawa ndiye aliyetushikia mlango.

Wako mtiifu,
Sajenti wa kaunta

Nyongeza: Kabla sijaifunga barua hii nimeitwa hospitali. Mdogo wangu, kitindamimba wetu, ametolewa kituo cha ng'ambo ya mto akiwa amevunjwa taya. Nimekwenda kule na sare zangu kuuliza. Zamu nzima wananiambia alianguka kitandani, na mahabusu yao haina kitanda. Nimewabembeleza mpaka nimelia. Mama amekaa pembeni ya mgonjwa, anataka jina la aliyempiga. Afande, kweli kituo kizima kile hakuna hata mmoja aliyeona?