Kompyuta ya Msaragambo

Jumatatu, 3 Septemba 1973

Nimeamua. Ukarani wa kupima kabichi basi! Nakuwa mwandishi wa programu za kompyuta. Gazeti limesema idara moja Dar es Salaam inatafuta vijana wa kufundishwa. Sharti ni barua ya mwenyekiti wa kijiji, na muda ni mfupi. Mwenyekiti wetu ni Mzee Rubeni, baba mkwe wangu. Nani ana bahati kama mimi?

Kitabu ninacho. Cha Kiingereza, nilikipata Tanga, hakina jalada, na kurasa za katikati mwenyewe wa kwanza alisokotea tumbaku. Nilichoelewa: kompyuta ni mtumishi asiyefikiri. Unampa amri, anafuata. Jenoveva, mke wangu, akauliza kama mtumishi huyo anachota maji. Nikafunua ukurasa mwingine.

Jumanne, 4 Septemba

Kwa baba mkwe. Nikaamkia, nikaulizwa habari za nyumbani, za mbuzi, za shangazi aliyeko Vuga, kisha za mbuzi tena. Ndipo nikaomba barua. Mzee akasema siasa ni kilimo, je, hiyo kompyuta inalima nini? Nikajieleza mpaka koo likakauka. Akasema niwaonyeshe wanakijiji faida yake siku ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, keshokutwa, naye ataandika.

Kornelio alikuwepo. Karani mwenzangu huyu kila jioni huenda kumwamkia mzee na kumenya mapeasi yake. Akauliza kompyuta ni kitu gani. Kisha akasema hata yeye angependa kwenda. Mjinga!

Jumatano, 5 Septemba

Tatizo: sina kompyuta. Wilaya nzima haina.

Dawa: watu! Kesho kijiji kizima kitakuwa kwenye ndiwa, bwawa letu la kumwagilia, kuzibua mifereji. Kila kiangazi tunagombana nani amekula maji ya nani. Basi watajipanga mteremko mzima, kutoka bondeni hadi bwawani. Shamba la chini likishalowa, mwenye shamba anampa wa juu yake punje ya hindi. Punje inapanda mkono kwa mkono. Ikimfikia Mwajuma, mfungua maji wetu bwawani, anahamishia maji shamba linalofuata. Hakuna kufikiri, hakuna ugomvi. Nimelala nikicheka peke yangu. Jenoveva amenipiga kiwiko.

Alhamisi, 6 Septemba

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi punje ya kwanza ilitoka bondeni vizuri. Ikamfikia jirani yetu Secilia, ampe shangazi yake mwenye shamba la juu. Huwezi kumpa shangazi kitu hivi hivi kama unamlisha kuku. Shikamoo. Marahaba. Watoto je? Na yule wa Mombo, mguu umepona? Kila mkono, salamu. Kila salamu, ukoo mzima. Punje ilipofika bwawani, kabichi za bondeni zilikuwa zinaelea!

Nikapandwa na hasira. Nikasimama juu ya tuta nikatangaza amri mpya: hakuna kusalimiana. Kompyuta haisalimii! Mpaka niseme mwisho, mtu asifungue mdomo. Walinung'unika, lakini walitii.

Na ilifanya kazi! Punje zilipanda kama siafu, maji yalihama shamba hadi shamba, kimya kabisa. Machozi yalinilengalenga. Ndipo Mzee Rubeni akaja kutazama.

Alishuka njia yote ile, akipita kila mtu. Hakuna aliyemwamkia. Hata watoto. Akasimama kwa Secilia, akangoja. Secilia akatazama miguu yake. Mzee akanifikia mimi, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Kristofa, mwanangu, mimi nimekufa?"

Nilikuwa na punje mkononi. Nikamwonyesha kidole asubiri.

Wakati huohuo akatokea Kornelio, amechelewa msaragambo kama kawaida yake, hajui amri wala punje. Akainama: "Shikamoo, baba!" Mzee akamshika mkono kwa mikono yake miwili, hakuuachia. Wakaondoka pamoja. Jenoveva ameniambia baadaye kwamba barua yangu ilikuwa mfukoni mwa baba yake, imeshaandikwa jina langu na kupigwa muhuri.

Ijumaa, 7 Septemba

Jenoveva amerudi kutoka kwao, macho mekundu. Baba yake hajala. Alikaa usiku kucha akimuuliza mama kama kijiji kimemkataa, na amekosa nini. Nilijisikia vibaya sana. Jenoveva akasema niende na jogoo, nipige goti, niombe radhi, nisiongeze neno.

Jumamosi, 8 Septemba

Nimekwenda. Jogoo nilimsahau, nilikuwa nimebeba kitabu. Nikamfafanulia mzee kwamba hakuna aliyemdharau, kosa liko kwenye amri. Akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza amri aliitoa nani. Nikasema mimi. Akasema basi nenda nyumbani.

Jumapili, 9 Septemba

Baada ya ibada nimeambiwa: barua amepewa Kornelio! Mzee kasema huko Dar anapelekwa mtu atakayekumbuka watu. Kornelio, asiyejua kompyuta ni mnyama au mdudu! Nimekuja kulala mchana na viatu.

Jumanne, 11 Septemba

Kornelio amepanda basi la Mombo asubuhi, anapunga mkono dirishani. Amenishukuru! Nimelia kidogo nyuma ya ghala la kabichi, kisha nikatafakari, maana mimi ni mtu wa kutafakari.

Programu haikuwa na kosa. Kilichokosewa ni kuziacha salamu zitolewe moja moja, ndiyo maana zinakula muda. Zikitolewa zote mapema, mtu anabaki huru kufanya kazi. Mbona hakuna aliyewahi kuliona jambo rahisi hivi?

Sikungoja. Jioni nimekwenda kwa baba mkwe, nimepiga goti, na nimempa shikamoo za mwezi mzima kwa mkupuo, ili tusiwe na deni. Sijafika hata nusu, mzee akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango.

Zilizobaki nimezimalizia dirishani.