Mwenye Nyumba Mpya

Barua ya ofisi ya kodi ilipomfikia Baba Vyumba, Sumaku alipata habari kabla bahasha haijachanwa vizuri. Sumaku hakuwa na kazi maalumu, ila alikuwa na suti, na mjini suti ni nusu ya cheti. Jina alipewa na majirani, kwa kuwa vitu vya watu vilikuwa na tabia ya kumganda.

"Shikamoo, mzee. Nasikia unakaguliwa."

"Marahaba. Wiki ijayo!" Baba Vyumba alikuwa na nyumba moja ya vyumba ishirini. Miaka saba alikuwa akipokea pango, na ofisi ya kodi haikuonja hata senti. "Wanataka mikataba, risiti, karatasi za benki. Mwanangu, nimekwisha."

"Hukwishi nikiwepo. Tuandike kwamba uliniuzia nyumba. Mkaguzi atakukuta mpangaji tu, hoi bin taabani. Akiondoka, nakurudishia."

Msomaji, wewe na mimi tunajua angerudisha lini.

"Na wakili atataka hela," mzee akalalamika.

"Nalipa mimi! Wewe si baba yangu?"

"Mungu akuzidishie. Ila tukiweka tarehe ya leo, si watashtuka? Tuandike ulinunua miaka saba iliyopita."

Sumaku nusura ambusu. Mzee anajichimbia kaburi, tena anauliza jembe liko wapi! Aliuza pikipiki yake, akamlipa wakili mmoja hodari wa kufumba macho, na mkataba ukapigwa muhuri. Siku zilizobaki alimfundisha mzee kulia.

"Usipige mayowe. Kamasi kidogo inatosha."

Siku ya ukaguzi akaja mama mmoja mpole, na kikokotoo kwenye mkoba. Baba Vyumba, ndani ya shati lenye viraka, alilia vizuri mno hadi mkaguzi akampa kitambaa.

"Mimi mpangaji tu, mama. Mwenye nyumba ni huyu bwana."

"Tangu lini?"

"Miaka saba!" Sumaku alidakia kwa fahari, akatandaza mkataba mezani.

Mkaguzi aliusoma mara mbili. Akafunga faili la Baba Vyumba, akafungua jipya, akamgeukia Sumaku.

"Jina lako kamili, baba?"

Alizidisha vyumba kwa miezi, miezi kwa miaka, akaongeza faini, kisha akamgeuzia kikokotoo. Tarakimu zilijaa kioo kizima. Suti ikaanza kumpwaya Sumaku.

"Mama, mkataba huu... ni wa juzi tu."

"Kumbe umeghushi?"

Sumaku aliiwazia jela, akaziwazia zile tarakimu.

"Hapana, mama. Ni halali kabisa."

"Basi una siku thelathini."

Mkaguzi alipotoka, Sumaku alimrukia mzee mkono. "Baba, chukua nyumba yako! Bure!"

"Nichukue ya nini?" Baba Vyumba alikuwa amekwisha kukausha macho. "Dalali aliipima thamani kabla hata barua haijaja. Nikiiuza na mabati yake yote, haifikii hata nusu ya deni hilo. Nilikuwa silali, mwanangu. Nilikuwa naomba atokee mtu mwenye tamaa na suti."

Sumaku alitaka kulia, lakini machozi yaligoma. Nje wapangaji kumi na tisa walikuwa wamekwisha kusikia, nao wamejipanga mlangoni: huyu bati linavuja, yule kitasa kimekufa. Baba Vyumba aliwapenya taratibu hadi mbele, akasimama wa kwanza.

"Mwenye nyumba, choo kimeziba tangu Jumatatu. Tunakuomba uanze na hicho."