Malalamiko Dhidi ya Mchezo Ulioniozesha

Makazi ya Mto Mchanga, New South Wales
14 Agosti 1797

Mheshimiwa Gavana,

Niwie radhi kwa kukaa miezi minne bila kukuandikia. Nilikuwa nikingoja aibu ipungue. Haikupungua.

Mimi ni Josiah Pell, msomaji wa maagizo yako katika makazi haya ya wafungwa. Kwa kuwa huku hatuna mtambo wa kuchapa, agizo huwa sheria pale ngoma inapopigwa mara tatu, na mtu mwenye koti jekundu akalisoma mbele ya watu. Nimewafundisha jambo hilo kwa miaka sita, kwa ukali, na wamelielewa kuliko nilivyokusudia. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mwezi Aprili wafungwa waliigiza mchezo wa kuchekesha uitwao Hakimu wa Haraka. Kiingilio kilikuwa kibaba cha unga. Hakimu alikuwa Barnaby Scutt, mwizi wa kondoo, ndani ya koti jekundu aliloazimwa na Sajini Hobday. Ngoma ikapigwa mara tatu. Scutt akasoma kwamba kila mfungwa apewe nyama maradufu. Kesho yake mtunza ghala akaigawa. Nilipomkemea, alijibu, "Mzee Pell, si wewe uliyetufundisha? Ngoma, koti, karatasi. Nimekosea wapi?"

2. Katika onyesho la Mei, Scutt alimpandisha cheo mbuzi wa kasisi, akawa koplo. Askari humpigia saluti mpaka leo. Nami humpigia, kwa kuwa agizo hilo halijafutwa.

3. Mwezi Juni nilikwenda mwenyewe kuuzuia mchezo. Sikujua kwamba katika mchezo huo mjane huozwa kwa mwanamume wa kwanza atakayesimama. Nilisimama. "Ahaa!" akasema Scutt. "Bwana arusi kajileta!" Mjane aliigizwa na Dorcas Tranter, mfungwa mfua nguo, ambaye ni mjane kweli. Ngoma ikapigwa, tukaozwa. Nikatamka kwamba ndoa ni batili. Dorcas akashika kiuno. "Batili? Mbele ya watu wote hawa? Twende nyumbani, mzee, soksi zako zimetoboka."

4. Tangu siku hiyo anaishi kwangu. Hucheka ninaposoma sheria. Kuku wangu wanamfuata yeye. Amenikata nywele vizuri mno, hata hakuna mfungwa anayeniogopa.

5. Onyesho la nne ni Septemba. Scutt amekwisha kuniarifu kwamba atakustaafisha wewe. "Usijali, mzee," ameniambia, "kazi yako nitakuachia."

Kwa hiyo naomba uupige marufuku mchezo huo, umvue mbuzi cheo, na utangaze kwamba ndoa yangu haikuwahi kuwapo.

Msalimie mkeo, watoto, na wote wa nyumbani kwako. Kasisi na Sajini wanakusalimu. Sajini anaona haya.

Mtumishi wako mtiifu,
Josiah Pell

Nyongeza, 15 Agosti: Jana nilimsomea Dorcas barua hii, ili ajue kwamba atakuwa huru. Hakucheka. Alifunga mzigo wake, akasema, "Haya, mzee. Uji umo chunguni," akaondoka. Nilikaa mbele ya uji huo nikashindwa kuula. Kisha nikamkimbilia mpaka mtoni, bila kofia, nikamwomba anikubali kwa hiari yake, mbele ya kasisi. "Safari ile hakuna aliyeniuliza," akasema. "Sasa nimeulizwa. Niache nifikiri." Basi, Mheshimiwa, nakusihi usifute chochote. Nitakuandikia mara atakapoamua.