Aina Bora ya Mkurugenzi

—weee, shoga, sikuzushii, mkurugenzi wetu anapelekwa kituo cha ng'ombe leo leo, lori linaunguruma nje!

Ngoja nikupe kwa mpangilio, maana hili ni jambo la kitaalamu.

Idara yetu inapima jeni ya homoni ya ukuaji kwa ng'ombe. Wenye aina bora wanapelekwa kituo cha uzalishaji, wenye aina hafifu wanauzwa. Jumatatu mkurugenzi akagundua kwamba hata watumishi wana jeni hiyo. Likatoka agizo kuu: aina hafifu nyumbani, aina bora kituoni, kwa manufaa ya vizazi vijavyo. Busara tupu.

Mimi wa maabara nikanyoosha mkono. "Bosi, hiyo jeni inachangia kidogo tu. Kuna jeni nyingine kibao, kuna chakula, kuna matunzo..."

"Binti, chuo kimekuharibu. Pima."

Nikapima. Wa kwanza kuanguka nani? Mama mdogo wangu! Yule mfupi wa masjala, mtunza muhuri, ambaye mshahara wake ndio unatulisha nyumba nzima. Akapewa barua ya kuachishwa kazi leo asubuhi, akaenda kukaa kwenye benchi la wageni na mkoba wake mapajani. Roho inaniuma, nami natabasamu kitaalamu.

Ikafika zamu ya mkurugenzi. Kumbe mtu mzima yule anaogopa sindano! Akatoka, akarudi na kichupa kimejaa damu. "Nimejitoa damu mwenyewe." Nyuma yake dereva anachechemea, shati limejaa manyoya, na huko bandani Jenerali, fahali wetu wa maonyesho, ananguruma kwa hasira.

Sikuuliza. Mimi nani? Mashine ikapima, nami nikasoma mbele ya watumishi wote: "Mkurugenzi. Aina bora kabisa. Minofu ya kutosha. Binti zake watatoa maziwa mengi."

Makofi! Akapunga mkono, mpaka daktari wa mifugo alipoingia na kamba.

"Twende, mkuu. Kituoni wanakusubiri."

"Nani, mimi?"

"Si agizo lako? Au damu si yako?"

Akaitazama ile kamba.

"Ni yangu," akasema kwa sauti ndogo. "Ila agizo nalifuta!"

Likaandikwa agizo la kufuta, chapchap. Lakini bila muhuri karatasi ni karatasi tu, husema mwenyewe kila mkutano. Macho yote kwenye benchi.

"Mama, gonga muhuri, tafadhali."

"Mimi, baba? Mimi mgeni hapa. Aina hafifu."

"Umerudi kazini! Sasa hivi!"

"Kwa mdomo?"

Akaandika barua ya kumrudisha. Nayo ikataka muhuri. Mama mdogo akaenda mezani kwake, akatoa ufunguo mkobani, akafungua droo, akagonga ya kwake kwanza, akaipuliza ikauka vizuri, akaikunja, akaitia mkobani. Alipoinua muhuri kwa ile karatasi ya kufuta agizo, wino ukaisha.

Basi mpaka natoka kukuita, mkurugenzi kapakiwa, daktari kamwekea fungu la majani mabichi, na mama mdogo anatafuta chupa ya wino huku anamalizia chai yake. Kesho asubuhi nitakwambia kama ameyala.