Uso Mkavu wa Fundi Mfaume

Jumatatu, 3 Februari 2025
Mama mkwe kaingia kwa treni kutoka Urambo. Shikamoo mama. Marahaba, gari liko wapi? Hata kiti hajakalia! Anasema kwao mtoto wa kwanza huzaliwa kwa bibi yake, hivyo anamchukua Consolatha. Nikasema mke wangu atajifungulia hapahapa mjini, nami nitampeleka hospitali kwa gari langu mwenyewe. Akalizunguka gari. Akasema sawa, liwake kila siku mpaka siku yenyewe. Likigoma tu, wanapanda treni. Consolatha alinishika mkono. Sitaki aende.

Jumanne, 4 Februari
Wasiwasi wangu ni petroli. Kila siku naenda kazini Isikizya na kurudi. Je, uchungu ukianza tangi likiwa tupu? Nimekwenda kwa Fundi Mfaume. Shida moja: yeye Mzaramo, mimi Mnyamwezi. Watani! Babu zetu walibeba mizigo hadi pwani, babu zake wakawapokea kwa vicheko, na mpaka leo hawajanyamaza. Ila mimi nina kanuni. Mfaume akicheka, anatania. Akikausha uso, anasema kweli.

Leo alifungua boneti, akakausha uso, akasema mlafi ni alteneta, ile ya kuzalisha umeme wa gari. Injini inaizungusha kutwa nzima kwa mkanda wake, inamaliza petroli bure, na betri ipo, imejaa. Utoe mkanda ule, utafika Nzega kwa harufu ya petroli! Nikamwambia autoe. Akanitazama, akaanza kucheka, akasema aa, mtani, nilikuwa nakutania. Alikuwa anacheka! Kwa hiyo hapo ndipo alipoanza kutania. Nimeufungua mkanda mwenyewe nyumbani. Nimeuficha kabatini.

Jumatano, 5 Februari
Limewaka mara moja! Mama mkwe akarudi ndani. Ila njiani taa nyekundu yenye picha ya betri ikawaka mbele yangu, ikakataa kuzima. Ilinisumbua akili mpaka Isikizya. Nikaibandika plasta, nikatulia kidogo. Kurudi, mvua kubwa. Waipa, taa kubwa, vyote nimewasha. Jirani yangu Luhende, mwenye bajaji, kauliza mbona honi yangu inalia kama mbuzi mgonjwa. Wivu tu.

Alhamisi, 6 Februari
Limekoroma mara tatu ndipo likawaka. Mama mkwe alisimama mlangoni na kikombe cha uji, anahesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Tatu. Jasho lilinitoka mpaka kwenye soksi.

Jioni nikampitia Mfaume. Aliposikia nimetoa mkanda kweli, alicheka hadi akashika bampa. Akasema betri kazi yake ni kuamsha injini. Ikishaamka, alteneta ndiyo inayolisha gari zima, na inairudishia betri kile ilichotoa. Bila mkanda, betri inatoa tu, haipokei, na itakauka. Akanisihi turudishe mkanda leo leo, hataki malipo. Machozi yalimtoka kwa kicheko. Mimi si mtoto! Nikacheka naye, nikaenda zangu.

Ijumaa, 7 Februari
Sikwenda kazini. Nililinda betri. Nilimkataza hata mama mkwe kufungua mlango wa gari, maana kuna taa ya ndani. Hakudai niliwashe, na mimi sikumkumbusha.

Saa tisa alasiri uchungu ukaanza. Mbingu nyeusi, mvua. Consolatha akaketi nyuma, mama yake kando na kanga. Nikazungusha ufunguo. Tk. Tena. Tk. Wanaume wanne wa mtaani kwetu Chemchem wakasukuma kwenye tope, nikatia gia ya pili, wapi! Nikamwambia Consolatha avumilie. Akasema yeye atavumilia, mtoto havumilii. Niliogopa. Sijawahi kuogopa hivyo. Niliona nitawapoteza wote wawili kwa sababu ya mkanda uliolala kabatini.

Luhende akaleta bajaji. Hakunidhihaki hata neno moja. Akawapakia wao na mabegi, mimi nikakosa nafasi. Nikakimbia nyuma kwa miguu mpaka hospitali, kiatu kimoja kimebaki njiani.

Jumapili, 9 Februari
Msichana! Mzima, na mama yake mzima. Alizaliwa Ijumaa ileile, muda mfupi baada ya kufika. Tumemwita Nyamizi. Nililia mbele ya mama mkwe, aibu gani. Akanipa kanga nijifute, akasema baada ya kuruhusiwa wanakwenda Urambo mpaka arobaini iishe.

Mfaume alikuja hospitali na sabuni za mtoto. Nilipomsimulia, hakucheka. Alikwenda nyumbani kwangu akaichaji betri na kuurudisha mkanda kwa mikono yake.

Jumatano, 12 Februari
Wamepanda treni. Consolatha aliniambia kupitia dirisha kwamba arobaini ikiisha niende kuwachukua, lakini kwa gari linalowaka. Nimemwapia. Treni ilipoondoka nilibaki nimeshika soksi moja ya Nyamizi.

Gari sasa linawaka vizuri. Plasta nimeibandua, taa nyekundu haiwaki tena. Lakini Urambo ni mbali, na petroli ni ileile. Nikamwuliza Mfaume kama kuna kitu kingine kinachoimaliza. Akafikiri sana. Akakausha uso. Akasema feni ya radieta, ile ya kupoza injini: inapuliza upepo wake huku gari likitaka kwenda, lazima injini ichoke. Halafu akashtuka, akashika kichwa, akacheka kwa woga, akaniapisha kwa jina la mwanangu niseme kwamba nimeelewa ni utani.

Nikasema nimeelewa. Feni iko kabatini, palepale ulipokuwa mkanda.