Ugonjwa Wenye Chapa

"Inatangazwa kwa watu wote, wake kwa waume, wazima na wanaojidai wagonjwa, ya kwamba kuanzia Jumatatu hakuna mtu atakayeruhusiwa kuugua ovyo."

Karani Antipasi aliyasoma maneno hayo mbele ya baraza la Mtemi Nathanaeli, si mbali na Ilongero, mwaka uliofuata kwisha kwa vita kuu ya pili. Alisoma amesimama juu ya sanduku la sabuni, kaptura imenyooshwa kwa pasi, sauti ameitoa kifuani kama mhubiri. Sheria yenyewe iliitwa Kanuni za Uratibu na Udhibiti wa Ugonjwa. Hakuna aliyepiga makofi, jambo ambalo Antipasi alilichukulia kuwa ni heshima.

Shida iliyoleta sheria hiyo ilikuwa ndogo tu. Zahanati ilikuwa na kabati moja la dawa, na watu walikuwa na tabia mbaya ya kuzitaka. Bwana Shauri, Mwingereza aliyekuwa mkuu wa wilaya kule Singida mjini, aliandika barua kwamba kila baraza litunge sheria ya kupunguza msongamano, na sheria hiyo iwe mezani kwake Ijumaa. Barua ilifika Alhamisi.

Karani mwingine angetapatapa. Antipasi alikwenda kabatini akatoa Kanuni za Mifugo Iliyopotea, ambazo serikali ilizisifu sana miaka iliyopita, akakaa nazo kitako. Kila palipoandikwa ng'ombe, akaandika ugonjwa. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa amekwisha kutunga sheria ya afya. Bwana Shauri aliitia sahihi bila kuvua kofia, akampa na mhuri wa ofisi yake autumie kwa kazi hiyo, akamwahidi kwamba mambo yakienda vizuri atamhamishia mjini awe karani mkuu, mwenye nyumba ya bati na baiskeli. Usiku ule Antipasi alimwambia mkewe, Magdalena, aanze kuwachinja wale kuku wasiofaa kuishi mjini.

Sheria ilieleweka vizuri kabisa. Mwenye ugonjwa alitakiwa kuutangaza, akitaja rangi yake, umri wake, na mahali ulipoonekana mara ya mwisho. Alete mashahidi wawili wanaoufahamu ugonjwa huo tangu ukiwa ndama. (Neno hilo lilimponyoka Antipasi, lakini alipoulizwa alisema ni istilahi ya kidaktari.) Ugonjwa utakaookotwa bila mwenyewe ufikishwe kwa Mtemi, ulishwe na kunyweshwa kwa gharama ya Baraza mpaka mwenyewe ajulikane, wala mtu asiuguse kuutibu kabla mwenyewe hajaridhia. Ugonjwa wenye chapa ni mali ya mwenye chapa, na hasara zake zote ni juu yake.

Watu wa kule ni wafugaji. Hawakuhitaji kusomewa mara mbili.

"Huyu ng'ombe namfahamu," alisema mzee mmoja nyuma, na wenzake wakaguna.

Basi nchi ikapasuka vipande viwili. Tajiri Gabrieli, ambaye zizi lake halikuwa na mwisho, aliongoza upande ulioitwa Kila Mtu na Wake. Alisema ugonjwa ni mali ya mtu, na kumsaidia mtu kuubeba ni kumwingilia katika mali yake. Mama Theodora, mpika pombe, aliongoza upande wa Wa Wote. Huyu alisema hajapata kuona homa ikibisha hodi kwanza iulize jina la mwenye nyumba. Ndugu wa tumbo moja wakanuniana. Kilabuni kwa Theodora ilibidi viwekwe vyungu viwili, kila upande na chungu chake, na watu wa Gabrieli wakanywa cha kwao huku wakimlaani aliyekipika. Hasira zilikuwa nyingi hata watu wenye afya njema wakaanza kuumwa kichwa, na hao nao hawakuwa na mashahidi.

Antipasi aliliona jambo hilo kuwa dalili nzuri. Aliweka meza mlangoni mwa zahanati, akachukua na ufunguo wa kabati kutoka kwa dresa Simeoni, aliyekuwa mganga wa pale, ili dawa zisije zikatumika kabla ya utaratibu.

Siku ya pili akaja Dorika, mke wa mkulima, na mwanawe Yunisi mgongoni. Mtoto macho yalikuwa mekundu na midomo imekauka.

"Shikamoo, Karani."

"Marahaba. Rangi?"

"Rangi ya nini?"

"Ya ugonjwa."

"Mtoto ana homa, Karani. Mguse tu."

"Sijakuuliza joto, mama. Nimekuuliza rangi."

Simeoni alitoka ndani akamshika mtoto shavuni. "Karani, hii ni homa ya mbu. Dawa ninayo humo kabatini. Nipe ufunguo."

"Wewe utahesabiwa shahidi mmoja," alisema Antipasi kwa upole wa kiserikali. "Unaufahamu ugonjwa huu tangu lini?"

"Tangu sasa hivi!"

"Basi bado hujaufahamu. Anayefuata!"

Dorika alimkaza mtoto mgongoni, akaondoka. Antipasi alidhani anarudi kwake, na akafurahi kuona msongamano umepungua kwa mtu mmoja na nusu.

Dorika hakurudi kwake. Alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa Mtemi, akapiga magoti barazani.

"Shikamoo, Mtemi. Nimeokota ugonjwa."

"Marahaba. Wa nani?"

"Ndilo ninalouliza na mimi. Umeingia kwangu jana jioni, mlango ulikuwa wazi. Kwetu hatuna ugonjwa wa namna hii. Nimeuleta, kama sheria inavyosema."

Mtemi Nathanaeli, mtu mnene asiyependa kusimama, alimwita karani wake. Antipasi alikuja mbio, akaisoma sheria, akaisoma tena, na kila alipoisoma ilisema vilevile.

"Uko wapi huo ugonjwa?" aliuliza Mtemi.

"Umo ndani ya mtoto. Mkiweza kuutoa, nitachukua mtoto niwaachie ugonjwa."

Baraza likakaa kikao cha dharura. Baada ya hoja nyingi likaamua kwamba ugonjwa umeokotwa kihalali, kwamba mtoto atahesabiwa kuwa kamba yake, na mama yake kigingi. Dorika akapewa mkeka sebuleni kwa Mtemi, na Martha, mke wa Mtemi, akaagizwa akoroge uji.

Habari ya uji haikai mahali pamoja. Kufika jioni watu walikuwa wamepanga foleni hadi barabarani, kila mmoja ameokota wa kwake. Huyu kaokota kikohozi kisimani, yule kidonda ndugu kimemfuata kutoka shambani, kijitu kimoja cha Ulemo kiliapa kwamba jino hilo linalouma hakijapata kuliona maishani mwake. Gabrieli mwenyewe alikuja usiku, ameinama, ameokota mgongo. Alisema bado anaamini ugonjwa ni mali ya mtu, ila huu kwa bahati mbaya si wa kwake.

Ghala la Mtemi likaanza kulia. Tena wajanja walikuwa wakila uji mara mbili. Antipasi, kwa kuwa karatasi zilikuwa zimekwisha, akabuni njia: akachukua ule mhuri wa Bwana Shauri, akauchovya katika wino wa zambarau, akamgonga kila mtu mkononi. Aligonga kwa moyo wote. Hata Yunisi alipigwa wake, kwenye kimkono kilichowaka moto.

Usiku Yunisi aliacha kulia. Antipasi naye alikuwa baba, na ukimya ule haukumpendeza hata kidogo. Mkono wake uliingia mfukoni ukaugusa ufunguo wa kabati.

"Karani," alisema Dorika kutoka gizani, "mwanangu anakufa na uji mdomoni."

"Mwenyewe hajajulikana, mama," alijibu Antipasi, na sauti yake ilimtia aibu. Kisha akaikumbuka nyumba ya bati, akautoa mkono mfukoni.

Asubuhi likaja gari la Bwana Shauri. Alikuwa amekuja kuona msongamano uliopungua, na kweli pale zahanati hapakuwa na mtu hata mmoja. Simeoni peke yake alikuwa amekaa kizingitini. Bwana Shauri alitabasamu, akamsifu Antipasi, akataka chai. Wakampeleka kwa Mtemi. Chai haikupatikana, maana masufuria yote yalikuwa na uji, wala kiti hakikupatikana, maana vyote vilikuwa na watu.

"Nini hii?" aliuliza Bwana Shauri.

"Mali iliyopotea, Bwana," alisema Mtemi kwa uchovu. "Tunangoja wenyewe."

"Ni sheria ya nani hii ya kipumbavu?"

Watu wakamtazama Antipasi, aliyekuwa amejitapa wiki nzima kwamba ameitunga yeye.

"Si yangu, Bwana. Niliikuta tu asubuhi imesimama mlangoni."

Bwana Shauri akawa mwekundu. Alisema watu wote hawa watoke, kila mtu aende na ugonjwa wake, serikali haimiliki homa. Ndipo Dorika akainuka mkekani. Hakupiga kelele. Aliushika mkono wa mwanawe akauinua mbele ya uso wa mkubwa yule, na palepale, kwa wino wa zambarau, yalionekana maneno: Ofisi ya Bwana Shauri, Singida.

"Huu una chapa, Bwana," alisema. "Tumemtafuta mwenyewe tangu jana. Kumbe ni wewe."

Halafu kikohozi kikainua mkono. Kidonda kikainua mkono. Jino la Ulemo likainua mkono. Gabrieli alijaribu kunyoosha mgongo akashindwa, lakini mkono aliuinua, na Theodora akamsaidia kuushikilia. Mikono yote ilikuwa na jina la Bwana Shauri.

"Mwenye chapa ndiye mwenye mali," alisema Mtemi, ambaye ghala lake lilikuwa limebakiwa na vumbi, "na hasara zote ni juu yake. Sahihi ni yako, Bwana. Sheria ni sheria."

"Sasa mwenyewe amejulikana," alisema Dorika. "Je, unaridhia ugonjwa wako utibiwe?"

Bwana Shauri aliitazama mikono ile, akamtazama mtoto, akavua kofia kwa mara ya kwanza tangu aletwe wilaya ile.

"Mpe dawa," alisema.

Antipasi ndiye aliyekimbia na ufunguo, na inasemekana hajapata kukimbia vile. Simeoni alimpa Yunisi dawa chungu, mtoto akaitema, akapewa tena, akalia kwa nguvu. Mama yake naye akalia. Kilio kile ndicho kilichokuwa kitu cha kwanza cha maana kusikika barazani tangu sheria ile itungwe.

Wiki iliyofuata lori lilileta makabati ya dawa, mablanketi, na magunia ya kulijaza ghala la Mtemi, yote kwa gharama ya mwenye chapa. Antipasi hakuhamia mjini. Kwa kuwa sheria inataka mali iliyookotwa iwe na mchungaji, alipewa cheo hicho, akawa anateka maji na kukoroga uji kila alfajiri, na kuku wa Magdalena walikuwa wamekwisha kuchinjwa.

Tangu siku hiyo, barua zote zilizotoka kwa Bwana Shauri zilikuja bila mhuri. Mtemi hakuzitekeleza hata moja. Alizifungia zizini kama sheria inavyotaka, zingoje mwenyewe ajitokeze, na mpaka Bwana yule anarudi kwao Ulaya hakuna aliyejitokeza kuzidai.